Risasi za Pua ya Njano

Risasi zilikuwa za aina tatu, na mzee Ishenkul alizipanga juu ya ngozi ya kondoo mbele ya jiko kama mwenye shughuli anavyopanga wageni wake. Upande wa heshima aliweka zile nzito zenye pua iliyopakwa rangi ya njano, tisa tu zilizobaki, za zamani za jeshi, zilizokuwa zikilala ndani ya soksi ya sufu kwenye sanduku la marehemu mkewe. Katikati zikaja zenye maganda ya chuma yaliyopakwa rangi nyekundu, hizo zilikuwa tele. Karibu na mlango akaziweka za dukani, mpya, zinang'aa kama meno ya bandia, ambazo muuzaji wa kule Naryn alimwapia kuwa zingepita kwenye tundu la sindano bila kugusa pembeni.

Ishenkul hakumbishia muuzaji, lakini hakumwamini pia. Kila bunduki ina tumbo lake. Ipo inayotaka risasi nzito na ipo inayotaka nyepesi, na ile inayomkubali jirani huweza kukutemea wewe. Hakuna anayejua mpaka ajaribu. Ndiyo maana kila vuli, kabla theluji haijafunga njia ya bonde la Kara-Teke, yeye na Burulcha walikuwa wakitenga siku moja ya kuijaribu bunduki, na siku hiyo hawakufanya jambo jingine.

Mwaka huu siku hiyo ilikuwa na uzito wake. Mwezi wa Agosti, kwenye karamu ya kutimiza mwaka wa kifo cha Burulcha, baada ya farasi kuchinjwa na wageni kushiba na kuagana, binti yao wa pekee, Kunduz, alibaki akisugua masufuria na baba yake akiyafuta.

"Baba, utakaa huku juu peke yako mpaka lini?"

"Mpaka nichoke."

"Na ukichoka nani ataniambia?"

"Mbwa atakwambia."

"Usinichekeshe, Baba, wakati nataka kulia." Kunduz aliweka sufuria chini. "Ularbek amenisimulia. Mbwa mwitu waliingia zizini Februari, ukapiga mara tatu, ukakosa mara tatu."

"Ularbek mdomo wake hauna mlango."

"Ni kweli au si kweli?"

Ilikuwa kweli. Wakati huo miezi sita ilikuwa imepita tangu amzike mkewe, na alipiga risasi zozote alizozishika gizani. Akachukua sufuria nyingine akaifuta.

Kwa hiyo wakapatana. Theluji ya kwanza ikianguka, Kunduz angepanda kuja. Mzee angepiga risasi tatu kwenye mfuniko wa kopo la maziwa, kutoka hatua mia na hamsini. Zote tatu zikiingia, angebaki mlimani na hakuna ambaye angelitaja tena neno hilo. Hata moja ikikosa, kondoo wangeuzwa, bunduki ingerudishwa polisi, na yeye angeshuka kukaa na Kunduz katika nyumba yao ya ghorofa. Ishenkul alikubali upesi kuliko alivyotakiwa. Aliwahi kukaa wiki mbili katika ghorofa ile. Alikuwa akiamka alfajiri, anakaa dirishani, anasikiliza nyayo za watu wa juu asiowajua wakitembea kwenye dari lake, mpaka akajua yupi ana mguu mbovu. Wakati mwingine alijiuliza kama huko chini nako kuna mtu anayemsikiliza yeye. Hapana, alijisemea. Mimi ni wa huku.

Basi asubuhi ile akabeba bunduki, risasi, na kalenda kuukuu ambazo karatasi zake zilikuwa nyeupe upande wa nyuma. Akachora duara kwa mkaa, upana wa mfuniko, akaibandika karatasi kwenye ubao chini ya jabali kubwa lililoegemea mlima, akahesabu hatua mia na hamsini kurudi, akatandika ngozi, akalala kifudifudi.

Hapo ndipo alipoona kazi ile ilivyokuwa ya watu wawili.

Miaka thelathini na minne Burulcha alikuwa akikaa kule, nyuma ya jabali, na kitambaa chekundu mkononi. Mlio ukishapita alitoka, anatazama karatasi, kisha anakiinua kitambaa juu kama risasi imeingia, au anakipunga upande ambao imepotelea. Kila risasi na ishara yake. Ishenkul hakuhitaji hata kunyanyuka. Alikuwa akimwona mkewe, doa jekundu chini ya mlima wa kijivu, naye Burulcha wakati mwingine alikipunga kitambaa kwa kucheza, kushoto kulia juu chini, ili mumewe adhani risasi imeparaganyika hewani. Jioni walikuwa wakilichekea jambo hilo kana kwamba ni mara ya kwanza.

Sasa hakuna aliyekuwa nyuma ya jabali. Alipiga risasi tatu za pua ya njano moja baada ya nyingine, kwa kuwa magoti yake yasingemwezesha kwenda na kurudi kwa kila moja. Ndipo akatembea hatua mia na hamsini, akatazama.

Matundu matatu. Moja juu kabisa, nje ya duara kwa kiganja kizima. Jingine kulia, nje kidogo. La tatu katikati. Lipi lilikuwa la kwanza na lipi la mwisho, karatasi haikusema. Matundu yalikuwa yamekaa tu pale, kama watu watatu wasiojuana wanaongoja lori.

"Mmezeeka," aliziambia risasi sita zilizobaki. "Baruti imelala."

Akajaribu nyekundu. Hizo zilikusanyika, si haba, zikaenea ukubwa wa mkate mmoja: mbili ndani ya duara, moja imetoka. Za dukani zikatawanyika hadi akaona aibu kwa niaba ya muuzaji. Alirudi akiburuta miguu, karatasi tatu zimekunjwa kifuani. Mwezi mmoja hivi ulibaki kabla ya theluji, na alichokuwa nacho ni mbili ndani, moja nje.

Njiani, penye kivuko cha mto, akakutana na Ularbek, jirani yake wa ng'ambo ya bonde, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye ndevu za kubahatisha na maneno yasiyokwisha. Ularbek alimwona mzee na bunduki begani, akavuta hatamu za farasi wake na kutabasamu.

"Shyralga, Mzee!"

Ni neno ambalo mwindaji hawezi kulipita. Anayekutana naye akitoka mawindoni akilitamka, sharti apewe fungu, na mwindaji hujibu kuwa limefungwa tandikoni, chukua. Ularbek alilisema kwa mzaha, maana alimwona mzee yuko kwa miguu, hana hata sungura. Lakini mkono mtupu haulambwi, na Ishenkul hakuwahi maishani mwake kulijibu neno lile kwa mkono mtupu. Akatia mkono mfukoni, akatoa zile sita za pua ya njano.

"Fungu lako hili. Limefungwa tandikoni."

"Mzee wangu, nilikuwa nakutania."

"Mimi sitanii. Chukua. Bunduki yako na yangu ni ndugu, labda tumbo la kwako litazikubali. Kwangu zimekufa."

"Unanipa maiti nikazike?"

"Ukishindwa kuzizika, zipigie kunguru."

Ularbek akazitia katika mfuko wa kifuani akicheka, akamuuliza habari za mchezo wake na binti yake. Mzee akamwambia kuwa mchezo si wake Ularbek, na kila mmoja akashika njia.

Siku zilizofuata alipiga nyekundu asubuhi baada ya asubuhi. Alibadilisha namna ya kulala, alibadilisha namna ya kuvuta pumzi, alifunga mkanda wa bunduki kiwikoni, akaufungua. Mbili ndani, moja nje. Siku nyingine moja ndani, mbili nje. Macho yake hayakuwa mabaya kwa mbali, aliweza kuhesabu mbuzi wa mwamba kwenye ukingo wa mlima, ila kilengeo cha nyuma kilikuwa kimeanza kuota ukungu. Alikwenda, akarudi, akaenda, akarudi. Ule mstari wa hatua mia na hamsini ukawa njia iliyokanyagwa, na jioni moja akiwa anarudi aligundua kuwa tangu siku ya kivuko hajasema neno kwa kiumbe mwenye miguu miwili. Akajaribu kusema kitu. Sauti ikatoka imekauka, na mbwa akainua kichwa kumtazama.

Ndipo akatandika farasi akaenda kwa dada yake mkubwa, Sayrakan, kijijini chini, kwa kisingizio cha kuchukua mikate.

Sayrakan alikuwa mwanamke wa kumwambia mtu ukweli kabla hajakaa.

"Umekonda. Umekuja kula au kuomboleza?"

"Nimekuja kuchukua mikate, dada."

"Kaa. Mikate haina miguu." Akamwekea chai ya maziwa na bakuli la mafuta ya mkia wa kondoo ya kuchovya mkate. "Vipi, bado unaipigia milima kelele? Ularbek anasema mwangwi unamwamshia mtoto."

"Bunduki imeharibika, nadhani. Au mimi."

"Bunduki haiwezi kuharibika. Mimi mwenyewe niliilinda."

Mzee akaacha kutafuna. "Uliilindaje?"

"Siku ya karamu ya mwaka ya Burulcha, wewe ulipokuwa nje unapokea wageni, niliishusha ukutani. Nikasema chuma hiki kimetundikwa tu kinakufa kutu, marehemu alikuwa anakipenda. Nikachukua mafuta ya mkia, ya moto, nikayamimina ndani mpaka yakajaa, nikaziba mdomo kwa kitambaa. Nikaivika ile shali yake. Hukuona?"

"Shali niliiona. Kitambaa nilikitoa."

"Basi unaona. Shukrani sijazisikia lakini."

"Dada, uliyamimina kutokea mdomoni au nyuma?"

"Kwani ni ng'ombe, niulize mbele na nyuma? Nilijaza."

Ishenkul akaitazama chai yake. Katika miaka thelathini na minne hakuwahi kuusafisha mtutu kabla ya siku ya majaribio. Yeye alikuwa akikata karatasi na kuchora maduara. Fimbo na vitambaa vilikuwa kazi ya Burulcha, jioni ya kuamkia, akiwa amekaa karibu na jiko, na yeye hata hakuwa akiiona kama kazi. Ilikuwa ikifanyika tu, kama jinsi maji yanavyokuwa ndani ya birika. Na mwaka huu hakuna aliyeifanya, wala yeye hakukumbuka kuwa kuna kitu hakijafanyika.

Akaondoka na mikate bila kumaliza chai. Sayrakan akambwatia mgongoni kwamba adabu nayo ameizika.

Nyumbani akatafuta zile karatasi tatu za siku ya kwanza. Ile ya njano akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaishika karibu, kisha mbali, mpaka macho yalipokubali. Tundu la juu, lile lililopotea kwa kiganja kizima, lilikuwa na duara la mafuta kulizunguka, pana kama sarafu, karatasi imekuwa kama kioo. Tundu la kulia lilikuwa na mafuta kidogo, ukingoni tu. Tundu la katikati lilikuwa kavu.

Alikaa chini kizingitini.

Risasi ya kwanza ilikuwa imepita ndani ya mtutu uliojaa mafuta. Ikayasukuma, ikapotea. Ya pili ikachukua mabaki. Ya tatu, ya kwanza kupita kwenye chuma kikavu, ilikwenda pale alipoielekeza. Hazikuwa zimetawanyika. Zilikuwa zinakuja nyumbani, hatua kwa hatua, naye hakujua, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumpungia kitambaa baada ya kila moja na kumwambia: juu, sasa kulia, sasa ndani. Burulcha angeona. Angepiga kelele kutoka kule, ngoja, mzee, usizitukane, zinasogea.

Alizitukana, akazitoa.

Kitu kilichotolewa kwa neno lile hakiombwi. Mtu anaweza kuomba mkopo, anaweza kuomba msamaha, lakini hawezi kumwendea jirani akamwambia nirudishie fungu. Hata watoto wa bonde lile wanalijua hilo. Ishenkul alilala nalo siku mbili. Siku ya tatu alisikia mlio mmoja wa bunduki kutoka bonde la juu, mmoja tu, na baada yake kimya. Mlio mmoja una maana mnyama ameanguka. Akamtandika farasi, akashuka mpaka kivukoni, akangoja.

Jua lilikuwa limeinama Ularbek alipotokea, akitembea kwa miguu na kumvuta farasi wake, maana juu ya tandiko alikuwa amefungwa beberu wa mwamba, pembe zake zimejipinda mpaka mgongoni. Mzee akashusha pumzi. Hakuwahi kulisema neno lile kwa mtu mdogo kwake. Wadogo ndio waliokuwa wakimwambia yeye.

"Shyralga, Ularbek."

Kijana akasimama. Kwanza alidhani ni mzaha, kisha akaona uso.

"Limefungwa tandikoni, Mzee wangu. Chagua, paja au mbavu. Na wewe ndiye wa kushukuriwa, unajua? Hatua mia tatu, na upepo ubavuni. Ile maiti yako imefufuka. Nilipiga moja nikijaribu kwenye jiwe, jiwe likapasuka. Nyingine ndiyo hii hapa imemlaza huyu bwana. Sasa niambie, mlikosana nini na risasi hizi?"

"Zimebaki nne?"

"Nne."

Mzee alitazama mfuko wa kifuani wa kijana, akatazama maji.

Ularbek alikuwa na mdomo usio na mlango, lakini hakuwa mjinga. Aliyatazama macho ya mzee yalikokwenda, akaanza kucheka polepole.

"Wee, Mzee. Umekaa kwenye baridi hii kuniotea mimi?"

"Nimepita tu."

"Farasi wako ameshakula majani yote ya kivuko, anaanza kula mawe. Umepita tangu saa ngapi?"

"Ularbek."

"Ungekuja nyumbani ukaniambia nipe, ningekupa."

"Sikulelewa hivyo."

"Najua." Kijana akaacha kucheka. Akatia mkono kifuani, akatoa risasi, akazihesabu kwenye kiganja. "Neno linasema fungu. Halisemi zote. Tatu zako, moja yangu. Na paja hili, kwa ajili ya Kunduz akija. Mwambie mimi sikusema chochote."

"Ulishasema kila kitu."

"Basi mwambie nimejuta."

Risasi tatu. Mzee alizishika kutoka kivukoni hadi nyumbani, zikapata joto mkononi. Hakuwa na hata moja ya kujaribia. Kila alichojua juu yake ni tundu moja kavu kwenye karatasi, na beberu wa mtu mwingine, aliyeangushwa na bunduki nyingine.

Theluji ikaanguka usiku wa Jumatano. Jumamosi kabla ya adhuhuri, gari kuukuu la Kunduz likapanda likikohoa, ndani yake Kunduz mwenyewe na binti yake wa miaka miwili, Sezim, aliyefungwa nguo nyingi hadi mikono haikunjiki. Sayrakan walimpitia njiani, naye aliteremka akilalamikia barabara, gari, dereva na aliyevumbua milima. Walikula lile paja la beberu alilotoa Ularbek. Mtoto alimtazama babu yake kwa muda mrefu, kisha akampa kipande cha mkate kilichokwisha kutafunwa. Babu akakila.

"Baba, si lazima iwe leo," Kunduz alisema.

"Ni leo."

Alikuwa ameshausafisha mtutu tangu jana jioni, vitambaa sita, mpaka kikatoka cheupe. Asubuhi akapiga nyekundu mbili kwenye mlima mtupu ili chuma kizoee moto. Sasa alilala juu ya ngozi, theluji ikimpa ubaridi tumboni. Kunduz alikwenda nyuma ya jabali. Alifungua kitambaa chake cha kichwa bila mtu kumwambia, na nywele zake zikapeperuka. Sayrakan alisimama nyuma, mtoto mbele yake, amemziba masikio kwa viganja.

Risasi ya kwanza. Mlio ulikwenda ukarudi kutoka mlima wa pili. Kunduz akatoka, akainama kwenye mfuniko, akainua kitambaa juu.

"Imeingia," alisema Sayrakan. "Mafuta yangu hayo."

"Nyamaza, dada."

Ya pili. Kunduz akakaa kidogo zaidi akitazama, kisha kitambaa kikapanda juu tena.

Mzee akafungua komeo, akasukuma ya tatu ndani, akafunga. Nyuma yake mtoto alianza kuimba kitu kisicho na mwanzo, wimbo wa maneno mawili, akiurudia. Mbele yake, kwa mbali, mwanamke alikuwa akijificha nyuma ya jabali. Ishenkul akaweka kilengeo chini ya mfuniko. Hapo, pumzi ikiwa imeshikwa, likamjia jambo ambalo hakulitarajia. Kukosa kungekuwa rahisi kama kupiga chafya. Asingelazimika kuomba wala kukubali kwamba amechoka, na hakuna ambaye angejua. Angeteremka mlimani kama mtu aliyeshindwa kwa haki, na kila asubuhi wimbo ule ungekuwa unamwamsha. Kidole kikasita. Kilengeo kikasogea, akakirudisha, kikasogea tena.

Bunduki hii sijawahi kuiambia uongo, aliwaza. Akavuta.

Mwangwi ukaisha. Kunduz akatoka nyuma ya jabali, akainama. Hakuinua kitambaa, wala hakukipunga. Akaung'oa mfuniko na kuja nao akitembea polepole kwenye theluji, ameukumbatia kifuani kama sinia.

Aliinama mbele ya baba yake, akauweka juu ya ngozi. Matundu mawili yalikuwa karibu na katikati, vidole viwili kati yake. La tatu lilikuwa ukingoni kabisa. Risasi ilikuwa imeumega mfuniko, nusu ya tundu bati, nusu hewa.

Sayrakan alisogea, akachungulia.

"Wewe ndiye mwamuzi," alisema mzee. "Tulisema ndani."

Kunduz alipitisha kidole kwenye ule mmego. Alikuwa na mikono ya mama yake, mipana, yenye nyufa za baridi. Aliutazama mfuniko, akaitazama nyumba, moshi wake mmoja, zizi, kilima kidogo cha kaburi chenye theluji, na njia nyembamba iliyokanyagwa kutoka pale walipo hadi jabalini, inayoonekana hata chini ya theluji.

"Imegusa," alisema. "Imo."

"Usinionee huruma."

"Sikuonei. Imegusa bati, Baba. Ingekosa, ningesema imekosa, na ningesema kwa furaha." Akajifuta pua kwa kitambaa. "Nilikuwa naomba ikose. Njia nzima naomba. Mume wangu yuko safarini na lori lake wiki tatu kwa mwezi. Jioni nikishamlaza huyu, nakaa jikoni peke yangu nasikiliza friji."

Mzee hakujua kwamba binti yake naye husikiliza. Alikaa kitako, akampangusa theluji begani.

"Mimi hii ya tatu," alisema, "nilifikiria kuikosa."

"Kweli?"

"Kidole kilisita. Ndiyo maana iko ukingoni."

Kunduz akaanza kucheka, kisha akaacha, kisha akalaza paji la uso wake kwenye bega la baba yake lenye harufu ya baruti. Wakakaa hivyo mpaka Sayrakan aliposema kwamba kama wanataka kuganda wagande wao, yeye na mtoto wanaingia ndani.

Walikaa siku mbili. Siku ya kuondoka, Kunduz alimpa simu yake ya zamani na sharti moja. Kwenye kilima cha nyuma ya zizi mtandao ulikuwa unapatikana, yeye mwenyewe alipanda akaupata. Kila siku jua likiwa kichwani, mzee angepanda na kupiga. Siku moja ikipita bila simu, angekuja na kumshusha, mfuniko au hakuna mfuniko.

"Nitakuwa nakwambia nini kila siku? Huku hakuna jipya."

"Nami kule sina jipya. Tutaambiana hivyohivyo."

Gari likashuka, likapotea kwenye kona ya kwanza, likaonekana kwenye ya pili, likapotea kabisa. Kimya kikarudi na kukaa mahali pake. Jioni ile alipika kwa mkono wa kupikia watu wanne, akala kidogo, kingine akampa mbwa.

Kesho yake adhuhuri alipanda kilimani. Upepo ulikuwa mkali, na ilimbidi avue glavu kwa meno ili abonyeze. Iliita mara mbili tu.

"Baba?"

"Ndiyo mimi. Hakuna jipya."

"Huku pia. Ngoja, kuna mtu anataka kusema."

Kukawa na mkwaruzo, pumzi ndogo karibu kabisa na simu. Kisha Sezim akasema jambo refu, kwa msisitizo, ambalo hakuna lugha inayolijua. Mzee Ishenkul aligeuzia upepo mgongo ili asikie vizuri zaidi, akangoja hadi mtoto amalize, akamjibu kwamba ni kweli kabisa, na aendelee.